Peremende za Kitinda

Aliyepeleka baiskeli kwa Fundi Spoku alirudi nyumbani na vitu viwili, baiskeli nzima na masikio yaliyochoka. Hata kama alikwenda kuzibiwa pancha tu, kazi ya dakika kumi, hakuachiwa aondoke hivi hivi. Fundi alifuta mikono kwenye aproni iliyokwisha kuwa nyeusi kwa grisi, akamkazia macho na kumuuliza, "Na tairi likikupasukia huko juu milimani, utafanyaje? Utamwita nani akusaidie, nyani?"

Hapo hotuba ikaanza. Tyubu ya akiba, tena ya saizi ya gurudumu lako na yenye vali inayokubaliana na pampu yako. Viraka, gundi na kipande cha msasa. Vijiti vya kutolea tairi, viwili, kwa sababu kimoja huvunjika siku ile ile unayokihitaji. Spana ndogo. Kiungo cha akiba cha cheni. Maji, na ukishaona yanatosha ongeza chupa moja. Kitu cha kutafuna, na kitu kitamu cha kukurudishia nguvu miguu ikigoma. Mteja aliyethubutu kusema kwamba yeye haendi mbali alipewa hotuba upya, tangu mwanzo.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mrefu na mwembamba kama waya wa gurudumu, na ndiyo maana wateja walimbandika jina hilo la Spoku. Lakini lilimfaa pia kwa kazi, maana hakuna aliyemfikia kwa kunyoosha gurudumu lililopinda. Ufundi alifundishwa na marehemu mumewe. Mume alipofariki, watu walitazamia kuona mlango wa bati umefungwa na kibao kimeshushwa. Yeye alikaa matanga, akamaliza, akafungua mlango saa moja asubuhi kama kawaida. Tangu hapo imepita miaka kumi na minane, na chumba kile cha mbele kimejaa magurudumu yanayoning'inia darini mpaka mtu mrefu huingia ameinama.

Sasa nitasema jambo ambalo wateja hawakulijua, na yeye mwenyewe alijitia hamnazo. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, kilining'inia kifuko chake cha safari, mkoba wa kijani wa mgongoni. Kila Jumapili aliubeba kwenda nao milimani na kikundi chake kidogo. Ulikuwa mkoba wa kupigiwa mfano. Kila kitu alichokihubiri kilikuwa na mfuko wake ndani, na kila mfuko na kifungo chake.

Lakini mkoba huo ulikaa hatua tatu tu kutoka kwenye meza ya kazi. Jumatatu gundi ya dukani ikiisha, Fundi hakupoteza muda kwenda sokoni, alinyoosha mkono nyuma ya mlango. Nitarudisha Jumamosi, alijiambia. Jumanne mteja akihitaji kiungo cha cheni haraka, mkono ule ule. Nitarudisha Jumamosi. Na mara nyingi alirudisha kweli. Alikuwa hajawahi kuumbuka hata siku moja, na mtu ambaye hajawahi kuumbuka hujiona mwangalifu.

Katika mkoba huo palikuwa na kopo dogo la bati lililoandikwa kwa wino mzito, KITINDA. Humo zilikaa peremende za glukosi za mdogo wake.

Kitinda ndiye kitinda mimba wa mama yao, na jina hilo la nyumbani halikumtoka hata alipofika miaka arobaini na moja, ameolewa, ana cherehani yake na wateja wake. Miaka sita nyuma aligundulika ana kisukari. Akawa mtu wa sindano, mtu wa kupima damu kidoleni, mtu wa kukaa na peremende karibu sukari isije ikamshuka ghafla, na polepole akawa mtu wa kuogopa. Aliogopa kwenda sokoni peke yake. Aliogopa ngazi. Daktari aliposema afanye mazoezi, yeye na mumewe walitazamana kana kwamba wameambiwa waruke kutoka juu ya paa.

Fundi Spoku ndiye aliyemtoa ndani. Alimuundia baiskeli kwa vipande alivyovikusanya kwa miezi, fremu ndogo, tandiko pana, gia nyepesi za kupandia mlima. Siku ya kumkabidhi, Kitinda aliuliza la kwanza lililomtia hofu. "Na zile za sukari, Dada? Nibebe wapi?"

"Zimo mkobani," Fundi alimjibu, spana namba kumi na tano mkononi. "Wewe njoo na mwili wako tu. Usinibebee makopo yakikugongagonga mfukoni, utaanguka bure. Vya kubeba niachie mimi."

Basi Kitinda akaja na mwili wake. Miezi minne ilipita. Vipimo vyake vikashuka vizuri, mumewe akaacha kumfuata sokoni, na siku moja Fundi alimsikia mdogo wake akicheka kwa sauti kwenye mteremko, kicheko ambacho alikuwa hajakisikia tangu wakiwa wasichana. Ukimuuliza Fundi amefanya nini cha maana maishani mwake, angekutajia kicheko hicho.

Ila peremende ni peremende. Saa kumi jioni, tumbo likianza kunguruma na kazi bado ipo, kopo lile lilikuwa karibu. Moja tu. Kesho yake moja tu. Wiki ninayoisimulia alikuwa na magurudumu sita ya kunyoosha kwa mpigo, na kila gurudumu lilidai peremende zake. Wiki hiyo hiyo alichukua gundi, na Alhamisi akachukua tyubu mpya ya akiba akamwekea mteja mwenye haraka. Ile tyubu mbovu aliyoitoa aliikunja vizuri, akaifunga kwa mpira, akaisukuma kwenye mfuko wa mkoba ili pasionekane pengo. Nitaiziba Jumamosi, alisema. Jumamosi akanyoosha magurudumu mpaka jua likazama, na Jumapili asubuhi akautwaa mkoba msumarini. Ulikuwa mzito vile vile. Spana hazimtii mtu ulafi, haziliki.

Walikuwa wanne. Fundi mbele, Kitinda nyuma yake, kisha kinyozi mmoja mchangamfu asiyejua kufunga mdomo, na mwisho kabisa mwalimu wa hesabu waliyemwita Ghala. Jina alilipewa na Fundi mwenyewe. Mwalimu huyo alisikiliza hotuba mara moja tu na akaitii yote, akaongeza na yake, hata mkoba ukamfunika mgongo mzima. "Ghala, unahama?" Fundi alikuwa akimtania kila Jumapili. Mwalimu alitabasamu tu na kukaza mikanda.

Karibu na kilele, kwenye njia nyembamba yenye miiba, gurudumu la nyuma la Kitinda lilipiga kelele fupi na kulala. Fundi alifurahi, na nasema hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Alipenda pancha za watu wengine. Alishuka, akageuza baiskeli miguu juu, akatoa tairi kwa mikono miwili kama anayemenya chungwa, na wenzake wakakaa kumtazama. Akatoa tyubu ya akiba mkobani, akaivuta, akaiweka, akapiga pampu.

Hewa ikatoka. Fyuuu, yote, kama iliyokuwa inasubiri.

"Mbona hiyo nayo imetoboka?" kinyozi akauliza.

"Za siku hizi ndivyo zilivyo, viwanda vimeharibika," Fundi alisema bila kuinua uso. Hapo ndipo alipoikumbuka Alhamisi. Masikio yakawaka moto.

"Ninazo tyubu mbili hapa," alisema Ghala.

"Kaa na mali yako, Mwalimu. Kiraka kinatosha." Akakwaruza kwa msasa, akafungua gundi. Kichupa cha gundi kilikuwa kimebanwa mpaka mwisho, kimejikunja kama ulimi mkavu. Alikibana tena mbele ya watu, akijua hakina kitu, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Aliwatazama wote wanavyomtazama na akatamani wapite njiani watu wengine wageni, nyuki, chochote kile cha kuwageuza macho. Mwishowe Ghala alimnyooshea gundi yake, naye akaipokea. Akaziba, akasubiri, kiraka kikakataa kushika kwa sababu mikono yake ilikuwa na jasho, akabandua na kuanza upya. Tyubu nzima za Ghala zilikuwa pale pale, mita mbili. Kiburi kilimgharimu dakika arobaini na tano.

Saa ya kula ya Kitinda ilikwisha kupita. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, na kwa muda hakuna aliyemwangalia. Kisha kinyozi akasema, "Jamani, huyu mbona anatokwa na jasho hivi?"

Shingo yake ilikuwa imelowa. Mikono ilimtetemeka juu ya magoti, na midomo ilikuwa imepauka. "Dada," alisema polepole, "nipe zile."

Fundi alijua kabla hajagusa kopo. Alilifungua hata hivyo, akageukia pembeni kidogo ili wengine wasione. Ndani palikuwa na karatasi mbili tupu za kufungia peremende, alizozikunja vizuri yeye mwenyewe. Alilifunga kopo. Nyuma yake walikuwapo watu wawili waliokuja mlimani wakimwamini, na tyubu mbovu, na gundi kavu, vyote vimekwisha mfedhehesha ndani ya saa moja. Hilo la tatu hakuweza kulibeba. Mdomo ukamtangulia.

"Zako ziko wapi?" alifoka. "Si nilikwambia ubebe zako? Kila Jumapili naimba, kila mtu abebe vyake! Mtu mzima na watoto wake mpaka akumbushwe dawa?"

Kitinda alimwinulia macho mazito. "Uliniambia?"

"Nilikwambia!"

"Uliniambia," Kitinda alirudia, na safari hii hakuwa anauliza.

Ghala alikuwa amekwisha piga magoti. Kutoka kwenye mkoba ule wa kuchekwa akatoa juisi ya pakiti, akaitoboa kwa mrija, akamshikia Kitinda kichwa kama anavyoshikiwa mtoto wa homa. Akamenya ndizi. Akatoa juisi ya pili. Hakuuliza kitu na hakumlaumu mtu. Fundi alisimama na kopo tupu mkononi, hana la kufanya, mpaka kinyozi akamwambia asogee maana anamzibia mgonjwa hewa.

Baada ya robo saa Kitinda alirudiwa na rangi. Waliweka tyubu ya Ghala wakashuka taratibu. Walipofika barabara ya lami, kinyozi alimwambia Kitinda, kwa nia njema kabisa, "Dada, uwe unamsikiliza Fundi. Ungetuua kwa presha leo."

"Ni kosa langu," Kitinda akajibu. "Mnisamehe jamani."

Fundi alikuwa mita moja kutoka kwao. Alisikia kila neno. Alikuwa na nafasi hapo, na tena kwenye kona ya sokoni, na tena mlangoni kwa Kitinda walipoagana na mdogo wake akamwomba radhi kwa mara ya pili. Nafasi tatu, na zote alizipita akiwa ameinamisha kichwa, akijiambia kwamba mdogo wake anajua kila kitu na ameamua kumsitiri. Anajua zilikuwa mkobani, alijiambia. Ananibebea aibu yangu mbele za watu kwa heshima ya udada. Wazo hilo lilimchoma, lakini pia, niseme yote, lilimpa kaupenyo ka kupumulia.

Duka la kinyozi ni redio ya mtaa. Kufika Jumatatu mchana habari ilikwisha zunguka, na kila aliyeingiza baiskeli chumbani kwa Fundi aliingia na pole mdomoni. "Tumesikia, Fundi. Na ulimwonya, maskini. Wagonjwa wengine ni wabishi." Fundi aliitikia kwa kichwa na kuinamia gurudumu. Kila sifa ilimwingia kama mwiba. Jumanne alikuja mteja mgeni, akauliza abebe nini safari yake ya kwanza ya milimani. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakajiweka sawa kusikiliza hotuba.

"Beba unachotaka," Fundi alisema.

Alhamisi... hapana, Jumatano, maana siku tatu tu ndizo zilizopita ingawa yeye alizihesabu kama mwezi, mume wa Kitinda alisimama mlangoni akisukuma ile baiskeli ndogo. Ni mpaka rangi wa nyumba, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alikuwa na madoadoa meupe hadi kwenye nyusi.

"Habari za kazi, shemeji. Nimekuletea hii. Mpe mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Mwenyewe kasema hapandi tena. Nami namuunga mkono. Mtu asiyekumbuka peremende zake mwenyewe, kesho atakumbuka breki?" Akaegemeza baiskeli kwenye meza. "Wewe hukukosea, shemeji. Ulimwonya. Nimekuja kukushukuru pia kwa hilo."

Benchi lilikuwa na watu watatu. Fundi aliiangalia baiskeli, lile tandiko pana alilolitafuta wiki nzima. Angeweza kuipokea. Ingening'inia darini pamoja na nyingine, naye angeendelea kuwa fundi mwangalifu mwenye mdogo mzembe, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Sikumwonya," alisema.

"Unasemaje?"

"Sikumwonya. Alitaka kubeba, mimi nikamkataza. Nilimwambia zimo mkobani kwangu." Alielekeza kidole nyuma ya mlango. "Zilikuwamo. Nikazila mimi, shemeji. Hapa hapa, nikifanya kazi. Zote."

Mume wa Kitinda alimtazama kama anayeangalia ukuta aliodhani umekauka.

"Na ukamfokea mbele za watu?"

"Nikamfokea."

Shemeji alichukua usukani wa baiskeli, akaigeuza polepole ili isigonge magurudumu ya watu, na alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Akitaka atapanda. Vitu vyake atabeba mwenyewe."

Fundi alivua aproni. Aliwaacha wateja kwenye benchi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akavuka mitaa miwili kwa miguu. Njiani alikuwa akipanga maneno. Angemshukuru kwanza Kitinda kwa kumsitiri, kisha angeomba radhi, kisha angekubali lolote.

Kitinda alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, amevaa miwani, anapinda suruali ya mtu. Mumewe alikuwa hajafika bado, maana baiskeli husukumwa polepole kuliko aibu inavyokimbia. Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja. Ukutani, juu ya cherehani, palikuwa na vipande vingi vya karatasi vimebanwa kwa pini, na alidhani ni vipimo vya wateja.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema, na mpango wote ukamtoroka. "Hukusahau peremende. Nilizila mimi. Na niliposema nilikwambia ubebe, nilidanganya. Nimeshamwambia mumeo. Nitamwambia na kinyozi, na Ghala, na kila aliyesikia. Najua ulinisitiri, Kitinda, na sistahili."

Cherehani ikasimama.

"Nilikusitiri?" Kitinda alivua miwani. "Nilikusitiri wapi?"

"Pale barabarani. Ulisema ni kosa lako, na ulijua si lako."

"Sikujua." Sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya mtu anayepapasa gizani. "Dada, mimi nilikuamini. Mimi nakumbuka vizuri kabisa ukiniambia zimo mkobani. Nakumbuka mpaka spana uliyoshika. Lakini wewe ukasema hukusema hivyo. Sasa kati yako na mimi, nani mgonjwa? Daktari alinionya kwamba sukari ikishuka sana, kichwa nacho kinaweza kuguswa. Nikajua basi, imeanza. Siku tatu naamka nikijipima kama bado nazijua siku za kuzaliwa za wanangu."

Fundi aliinua macho ukutani, na safari hii akazisoma zile karatasi. Mwandiko ulikuwa wa Kitinda, mkubwa na wa uangalifu. *Sindano, halafu kula. Zima jiko. Funguo iko kwenye kikapu. Suruali ya mwalimu, kiuno thelathini na nne, hakikisha tena.* Zilikuwa kumi au zaidi. Iliyo juu kabisa, mahali ambapo macho hutua mtu akiinua kichwa kutoka kwenye kushona, iliandikwa *Dada akisema, sikiliza.*

Machozi yalimtoka Fundi Spoku bila kuomba ruhusa. Aliinuka na kunyoosha mkono azibandue zote, azichane, azitupe mbali.

"Ziache," Kitinda akasema. "Nimezizoea, zinanisaidia na kazi." Alivaa miwani tena, akauweka mguu kwenye pedali. "Toa hiyo ya juu tu."

Fundi alichomoa pini. Karatasi ikabaki mkononi mwake, naye hakujua aiweke wapi, na cherehani ikaanza kwenda.